Utungu wa uzazi: Mjamzito anaweza kupunguziwa maumivu kwa njia gani?

Mwanamke anayeshikwa na utungu usiku wa manane katika wilaya ya Manah, mkoani Ad Dakhiliyah nchini Oman, ana safari fupi tu ya gari kufika hospitali kubwa ya Nizwa. Bibi yake hakuwa na safari hiyo. Kabla ya mwaka 1970 hospitali za Oman zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na zilizojulikana zaidi zilikuwa zile za misheni ya Kimarekani huko pwani, Muscat na Mutrah. Mwanamke wa bara alijifungulia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi na majirani zake.

Hali hiyo imegeuka kabisa. Hii leo takriban watoto wote nchini Oman huzaliwa hospitalini au katika vituo vya afya, chini ya uangalizi wa wahudumu waliosomea kazi hiyo. Katika ripoti yake ya mwaka 2000, Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka Oman katika nafasi ya nane miongoni mwa nchi 191 kwa utendaji wa mfumo wa afya.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo halikubadilika kwa kasi hiyo, nalo ni namna jamii inavyoyatazama maumivu yenyewe.

Kiswahili kiliingia katika nyumba nyingi za Manah, Nizwa, Ibra na Sur pamoja na familia zilizorejea kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na hata bara ya mbali, baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Pamoja na lugha, ulikuja pia wasia ambao binti mwenye kifungua mimba hupewa na wakubwa zake: jikaze, piga moyo konde, usipige kelele. Anayenyamaza husifiwa. Anayelia huambiwa kuwa si wa kwanza kuzaa.

Wasia huo una hekima yake, kwani hofu huzidisha maumivu. Lakini una hasara pia: wanawake wengi huingia wodi ya wazazi bila ya kujua kwamba wanaweza kuomba kupunguziwa maumivu, kwamba njia ziko kadhaa, na kwamba baadhi ya njia hizo haziwezekani tena iwapo mtu atachelewa kuziulizia.

Maumivu hutoka wapi?

Utungu wa uzazi una sehemu mbili. Katika hatua ya kwanza, mfuko wa uzazi hujikaza na kulegea kwa zamu, na kila unapojikaza huufungua kidogo kidogo mlango wa kizazi mpaka ufikie upana wa sentimita 10. Maumivu ya hatua hii husikika chini ya tumbo na kiunoni, naye mwanamke hushindwa kuonyesha kwa kidole mahali hasa panapouma.

Katika hatua ya pili mtoto hushuka. Sasa maumivu hutoka kwenye njia ya uzazi inayotanuka na ngozi inayovutika, nayo huwa makali na hujulikana mahali pake.

Maumivu haya ni ya kawaida, wala si dalili ya ugonjwa. Lakini kuwa ya kawaida hakuyafanyi yasiwe na madhara. Mwanamke aliyezidiwa hupumua kwa pupa, moyo wake huenda mbio, shinikizo la damu hupanda na nguvu humwishia kabla ya wakati wa kusukuma. Mwenye ugonjwa wa moyo, au kifafa cha mimba kinachomnyemelea, huweza kudhurika zaidi. Kwa mama wa namna hii, kupunguziwa maumivu ni sehemu ya matibabu.

Je, ni kinyume cha maumbile au dini?

Swali hili si geni. Mwezi Januari 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alimpa mama mwenye utungu mvuke wa etha, na Novemba mwaka huohuo akaanza kutumia klorofomu. Baadhi ya viongozi wa dini na madaktari wenzake walipinga, wakidai kwamba mwanamke ameandikiwa kuzaa kwa uchungu. Upinzani ulipungua baada ya tarehe 7 Aprili 1853, pale Malkia Victoria wa Uingereza alipopewa klorofomu na daktari John Snow alipokuwa akimzaa Mwanamfalme Leopold. Mwaka 1956, Papa Pius XII naye aliwaeleza madaktari kwamba kumpunguzia mzazi maumivu hakupingani na imani.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi nchini Oman na katika mwambao wa Waswahili, kisa cha Bibi Maryam katika sura yenye jina lake kinajulikana na kila mtoto wa chuoni. Utungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, na hapo akajaaliwa tende, maji na maneno ya kumliwaza. Kisa hicho hakikusema kwamba aliachwa na maumivu yake peke yake.

Njia zisizohitaji dawa

Njia ya kwanza haina gharama, nayo ni mtu wa kukaa na mzazi. Uchambuzi wa tafiti zilizowahusisha zaidi ya wanawake 15,000, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mwanamke anayekuwa na msaidizi wake tangu mwanzo wa utungu hadi mwisho huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, utungu wake huwa mfupi kidogo, na haja yake ya dawa hupungua. Katika mwongozo wake wa mwaka 2018, WHO linapendekeza kila mzazi aruhusiwe kuwa na mtu anayemtaka yeye mwenyewe. Anaweza kuwa mama, dada, shoga au mume.

Nyingine ni kutembea na kubadili mkao badala ya kulala chali muda wote, kukandwa kiuno, kuwekewa kitambaa cha maji ya moto, kuoga au kukaa ndani ya maji ya uvuguvugu, na kuvuta pumzi taratibu kila utungu unapokuja. Wakunga wetu wa jadi waliyajua mengi ya haya. Njia hizi haziondoi maumivu, ila humwezesha mwanamke kuyahimili, na zinaweza kutumika pamoja na dawa.

Liko onyo moja. Baadhi ya dawa za miti shamba zinazonywewa ili kuharakisha utungu huufanya mfuko wa uzazi ujikaze kwa nguvu kupita kiasi. Matokeo yake ni mtoto kukosa hewa au mfuko wenyewe kupasuka. Aliyekwisha kunywa dawa ya namna hiyo amweleze mkunga mara afikapo, bila ya kuona haya.

Gesi ya kuvuta

Hii ni hewa iliyochanganywa nusu kwa nusu: oksijeni na oksidi ya nitrasi, ambayo zamani iliitwa gesi ya kuchekesha. Mchanganyiko huo katika mtungi mmoja, unaojulikana kwa jina la biashara la Entonox, ulianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1960.

Mzazi hushika barakoa au kijiti cha kuvutia yeye mwenyewe. Siri yake ni wakati. Gesi huchukua takriban nusu dakika kufanya kazi, kwa hiyo huvutwa mara utungu unapoanza kunyemelea, bila ya kusubiri ufike kileleni. Utungu ukipita, barakoa huwekwa kando na gesi hutoka mwilini upesi. Huweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu, lakini haimlewesi mtoto wala haipunguzi kasi ya kuzaa. Jamaa aliyefuatana na mzazi asimshikilie barakoa usoni: mzazi akisinzia, mkono wake mwenyewe utaanguka, na hiyo ndiyo kinga yake.

Sindano ya pethidini na wenzake

Pethidini ni dawa ya jamii ya morfini iliyogunduliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa miongo mingi imekuwa dawa ya utungu inayojulikana zaidi katika hospitali nyingi duniani, kwa sababu ni ya bei nafuu na mkunga anaweza kuidunga msulini. Huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hivi, na hudumu kwa saa mbili hadi nne.

Wanawake wengi hueleza kwamba pethidini haikuwaondolea maumivu, bali iliwafanya wasinzie na wayajali kidogo. Wengine hutapika. Kikwazo kikubwa ni kwamba dawa hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ikidungwa saa chache tu kabla ya kuzaliwa, mtoto anaweza kutoka akiwa amelegea, pumzi zake zikiwa hafifu, na akachelewa kushika ziwa. Ndiyo maana mkunga hupima kwanza mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, na huenda akakataa kuidunga ikiwa mtoto yu karibu. Kukataa huko si ukatili.

Wenye ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, ambao si wachache Oman wala katika mwambao wa Afrika Mashariki, wanapaswa kuwa na hadhari zaidi. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza unashauri wasipewe pethidini, kwa kuwa inaweza kuwasababishia degedege. Dawa nyingine za jamii hiyo zipo. Mgonjwa wa selimundu na watu wake wahakikishe jambo hili limeandikwa kwenye kadi ya kliniki mapema.

Sindano ya mgongoni

Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayozungukwa na uvumi mwingi kuliko zote. Kitaalamu huitwa epidurali. Katika nchi za Ghuba mjamzito atasikia ikitajwa kwa Kiarabu ibrat al-dhahr, yaani sindano ya mgongo.

Mzazi huketi akiwa ameinama, au hulala ubavu. Daktari wa ganzi huifisha ngozi kwanza, kisha hupitisha sindano baina ya mifupa ya kiunoni mpaka kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaozunguka mishipa ya fahamu. Kupitia sindano hiyo huingizwa mrija mwembamba wa plastiki. Sindano huchomolewa na kutupwa. Kinachobaki mgongoni ni mrija tu. Dawa ya ganzi hupitishwa humo kidogo kidogo, na baada ya dakika 20 hivi utungu hupoa, ilhali mzazi yu macho na akili yake timamu. Ikibidi afanyiwe upasuaji, mara nyingi mrija huohuo hutumika kuongeza ganzi.

Je, hupoozesha? Hofu hii inatokana na neno mgongo. Ukweli ni kwamba kwa mtu mzima uti wa mgongo wenyewe huishia juu zaidi ya mahali sindano inapopita. Chama cha wataalamu wa ganzi ya uzazi cha Uingereza kinaeleza kwamba madhara ya kudumu kwenye mshipa wa fahamu humpata takriban mwanamke mmoja kati ya 13,000. Miguu kuwa mizito kwa saa chache ni jambo la kawaida, nalo hupita.

Je, huleta maumivu ya mgongo ya miaka mingi? Tafiti hazikuonyesha hivyo. Maumivu ya mgongo baada ya kuzaa huwapata wengi, waliochomwa na wasiochomwa.

Je, humfanya mtu aishie kwenye kisu? Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 haukuona ongezeko la upasuaji kwa sababu ya sindano hii. Hatua ya kusukuma huweza kurefuka. Zamani, ganzi ilipokuwa nzito, ilikuwa kawaida zaidi mtoto kuvutwa kwa koleo au kwa chombo cha kufyonza. Katika tafiti za tangu mwaka 2005 tofauti hiyo haikuonekana.

Pamoja na hayo, sindano hii ina madhara yake. Kwa mujibu wa chama hichohicho, kwa mwanamke mmoja kati ya wanane haitoshi kuondoa maumivu, na hulazimu kutafutwa njia nyingine. Kwa mmoja kati ya 50 shinikizo la damu hushuka sana. Mmoja kati ya 100 hupata maumivu makali ya kichwa siku zinazofuata, na huyo anapaswa kurudi hospitali badala ya kuambiwa kwamba ni uchovu wa uzazi. Wengine huwashwa mwili, hupata homa au huhitaji mrija wa mkojo. Wenye damu isiyoganda vizuri, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, na wenye maambukizo mahali pa kudungwa huenda wasiweze kuipata.

Wakati wa kushonwa

Liko eneo moja ambalo halihitaji mjadala. Mwanamke aliyechanika au aliyeongezwa njia anapaswa kupigwa ganzi kabla ya kushonwa. Dawa yake, lignokaini, ni ya bei ndogo na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Hata hivyo, ni wanawake wangapi wa Afrika Mashariki wamewahi kushonwa huku wameshikwa mikono na miguu, wakiambiwa kwamba aliyeweza kuzaa hawezi kushindwa na sindano? Anayepitia hayo ana haki ya kusema: nipige ganzi kwanza.

Huko nyumbani na ughaibuni

Tofauti baina ya nchi na nchi ni kubwa. Nchini Marekani, takriban wanawake saba kati ya kumi hujifungua wakiwa na ganzi ya mgongoni. Katika hospitali za umma za Kenya, Tanzania na Uganda njia hiyo ni adimu kwa mzazi wa kawaida, na hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za binafsi, kama vile ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi.

Sababu si ukosefu wa dawa peke yake. Aliyewekewa mrija anahitaji mtaalamu wa kumfuatilia kwa saa nyingi. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa ganzi linapendekeza wasiopungua watano kwa kila watu 100,000. Uchunguzi wake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nchi nyingi za Afrika hazifikii hata mmoja. Wachache waliopo wanahitajika katika vyumba vya upasuaji, ambako pasipo wao mama hufa. Kwa sababu hiyo, msaidizi wa karibu, sindano ya pethidini na ganzi ya kushonea ni mambo ambayo hospitali za huko zinaweza kuyatimiza leo, bila ya kusubiri madaktari wasomeshwe.

Kwa wanaoishi ughaibuni, kikwazo mara nyingi ni lugha. Mzazi anaweza kuwa Muscat, London au Minneapolis, na asiwe na maneno ya kumweleza muuguzi kutoka India au Ufilipino kwamba dawa haijafanya kazi. Nchini Uingereza, huduma ya afya ya taifa ina wajibu wa kumpatia mkalimani bila malipo, nayo ni vyema iombwe wiki kadhaa kabla. Nchini Oman, wauguzi wazalendo wanaozungumza Kiswahili wapo, hasa katika miji yenye familia zilizorejea. Ni vyema kuuliza nani yuko zamu.

Maswali ya kuulizwa kliniki

Wataalamu wanashauri mjamzito aulize mambo haya kabla ya mwezi wa tisa kumalizika:

- Hospitali nitakayojifungulia ina njia zipi za kupunguza maumivu?
- Je, sindano ya mgongoni hupatikana mchana na usiku, na inafaa kuombwa wakati gani?
- Je, ninaruhusiwa kuingia na mtu wangu?
- Je, nina hali yoyote ya kiafya inayonizuia dawa fulani?
- Nikibadili nia baada ya utungu kuanza, nimwambie nani?

Kwa mkaazi wa Manah, majibu hayo ndiyo yatakayomwelekeza. Huenda yakamtosheleza kubaki Nizwa, karibu na jamaa zake. Huenda pia, hasa kama ana ugonjwa wa moyo au selimundu, daktari akampeleka Muscat katika hospitali kuu kama Royal Hospital au ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Safari ya zaidi ya saa moja na nusu si ya kuamuliwa barabarani, katikati ya utungu.

Kuna wanawake watakaoyasoma haya yote na bado wakachagua kuzaa bila ya dawa yoyote. Uamuzi huo ni wao na unastahili heshima ileile. WHO lenyewe linasema sindano ya mgongoni au dawa za jamii ya morfini zitolewe kwa mama mwenye afya anayeziomba, kwa kufuata matakwa yake. Mama, mama mkwe na mume wanaweza kushauri. Lakini wahenga walikwisha kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwa hiyo anayepaswa kusema kwamba sasa umetosha ni yule anayeusikia mwilini mwake.